Nani ni veterani? Sheria haikuulizi kama ulipigana

Faili Namba Tisa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi niliuahidi siku ile tulipogombana kwenye mambo ya pensheni nikaambiwa natunga. Haya, kaeni tuanze.

Tarehe 31 Mei 2020, North Carolina, Marekani, alifariki mama wa miaka 90 aitwaye Irene Triplett. Mpaka anafariki alikuwa akilipwa dola 73.13 kila mwezi, pensheni ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Vita hivyo viliisha 1865. Sijakosea tarakimu. Baba yake, Mose Triplett, alioa mara ya pili mwaka 1924, yeye ana miaka 78 na bibi harusi 27. Irene akazaliwa 1930, mzee akafariki 1938. Na kwa kuwa binti hakuweza kujitegemea, sheria ilimhesabu mtoto tegemezi maisha yake yote.

Watu wengi wanaisimulia hii kwa sababu ya miaka. Mimi kilichonikamata ni kingine. Mose alianza kwenye jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga, mwaka 1862. Mwaka uliofuata akatoroka. Mwaka 1864 akajiandikisha upande wa pili, jeshi la Muungano. Miguu ni ile ile, bunduki pengine haikutofautiana sana, lakini angebaki alikoanzia, serikali kuu isingempa hata senti. Kule alikotoka alikuwa mtoro. Kule alikoingia akawa veterani, na jina lake likalisha nyumba mpaka karne ya 21.

Ndipo nikaanza kuzisoma hizi sheria, za nchi mbalimbali, na jambo moja linajirudia: hakuna anayekuuliza kama ulipigana. Utaulizwa ulikuwa kwenye orodha ya nani, kwa siku ngapi, kati ya tarehe ipi na ipi, na ulitokaje. La mwisho ndilo linalomaliza watu, na nitalirudia hadi mnichoke.

Nakaribisha maswali. Matusi pelekeni kule kwingine.

Kamusi Kuukuu

Mkuu, kabla hujaenda mbali, neno lenyewe linanitatiza. Tunasema mwanajeshi mstaafu, mkongwe wa vita, mpiganaji wa zamani, sasa wewe umekuja na veterani. Mstaafu ni mtu aliyemaliza muda wake, ana kiinua mgongo. Mkongwe ana mvi. Kijana aliyetumikia miaka mitatu akatoka na miaka 22 si mstaafu wala si mkongwe. Tumwite nani?

Faili Namba Tisa

Kaka Kamusi, umegusa penyewe. Ndiyo maana nimebaki na veterani, ingawa masikioni linakwaruza. Maneno yetu yote yameshaamua jambo kabla sheria haijaamua: mstaafu limeamua muda, mkongwe limeamua umri, mpiganaji limeamua kwamba alipigana. Sheria nyingi hazitaki hata moja kati ya hayo matatu.

Uingereza, kwa mfano, veterani ni yeyote aliyetumikia angalau siku moja jeshini, awe wa jeshi la kudumu au la akiba. Siku moja! Wanaongeza pia mabaharia wa meli za biashara walioshiriki operesheni za kijeshi zinazotambuliwa kisheria. Umeripoti kambini Jumatatu, umeingia kwenye daftari la mishahara, Jumanne mambo yamekushinda ukarudi kwa mama: wewe ni veterani.

Kanada hawakubali hiyo. Wao wanataka uwe umemaliza mafunzo ya awali na uwe umeachishwa kwa heshima. Kuruta aliyeishia njiani hayumo.

Marekani ndiyo yenye vichochoro vingi. Sheria yao kuu inasema veterani ni mtu aliyetumikia katika utumishi hai wa kijeshi na akaachishwa katika hali isiyo ya fedheha. Ukiisoma haraka unaona nyepesi. Halafu unagundua kila neno lina mlango wake. "Utumishi hai" ni upi? "Isiyo ya fedheha" nani anaamua? Tena kuna sharti la ziada: askari wa kawaida aliyejiandikisha kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 7 Septemba 1980, kwa mafao mengi, lazima awe ametimiza miezi 24 mfululizo, au muda wote alioitiwa kama ulikuwa mfupi zaidi.

Mkia wa Foleni

Nimekaa mbele kabisa. Endelea mkuu.

Goti la Kushoto

Wakuu, mimi huwa nasoma tu humu, siandiki. Leo naomba niulize maana jambo linanihusu. Niliingia jeshini nikiwa na miaka 19. Nchi siitaji. Wiki ya nane ya mafunzo, kwenye vikwazo, nikaanguka kutoka ukutani, goti likageuka. Hospitali ya kambi wiki tatu, halafu nikapewa nauli na karatasi moja, nikaambiwa sifai kiafya. Sikula kiapo cha mwisho, sikupewa beji. Leo nina miaka 44, nikipanda ngazi goti linalia kama mlango wa zamani.

Kila mwaka ikifika siku ya kuwakumbuka askari watu wananitania: "Afande, huendi kupiga gwaride?" Nacheka nao. Lakini ndani najiuliza, mimi ni nani? Sidai mashamba. Nataka kujua tu kwa sheria naitwaje.

Faili Namba Tisa

Ndugu yangu Goti, karibu, na pole kwa yaliyokupata. Nchi yako hujaitaja na sitakuuliza. Wacha tukutembeze na hilo goti lako, mpaka kwa mpaka.

Uingereza: unaingia bila kupiga hodi. Siku moja inatosha, wewe una wiki nane na za hospitali juu.

Kanada: kwa tafsiri hiyo ya jumla unabaki nje, mafunzo hukumaliza. Hapo usichanganye mambo mawili. Cheo cha kuitwa veterani ni kitu kimoja, na madai ya fidia kwa jeraha la kazini ni kingine.

Afrika Kusini: sheria yao ya mwaka 2011 inataka uwe raia, uwe umemaliza mafunzo ya kijeshi, uwe hutumikii tena, na usiwe umefukuzwa kwa fedheha. Neno "umemaliza" linakutoa.

Marekani: hapa sikiliza vizuri. Kuruta wa jeshi la kudumu aliye kwenye mafunzo tayari anahesabiwa yuko kwenye utumishi hai, kwa hiyo wiki nane zako zinaingia. Ile miezi 24 hujaifikisha, lakini sharti hilo lina mlango wa nyuma kwa walioachishwa kwa sababu ya ulemavu uliotokana na kazi. Kwa hiyo goti lililokutoa jeshini ndilo lingekuingiza kwenye orodha. Mwenzako aliyeondoka wiki hiyo hiyo kwa sababu amechoka kuamshwa usiku, mafao mengi yangemfungia mlango.

Mtu mmoja, goti moja, majibu manne. Na hakuna hata nchi moja iliyouliza uliangukaje ukuta ule kwa ujasiri au kwa woga.

Goti la Kushoto

Asante sana kaka. Niliruka kwa woga, kama utapenda kujua.

Hesabu Kali

Hahaha, Goti umeniua. Mkuu Faili, ongeza la askari wa akiba wa Marekani maana pale ndipo nilipoamini kwamba sheria zinaandikwa na watu wasiolala usingizi wa kutosha.

Askari wa akiba anakwenda mafunzo ya wikiendi. Mafunzo hayo peke yake hayahesabiki kuwa utumishi hai. Lakini akiumia akiwa kazini pale, akabaki na ulemavu, muda huo unageuka na kuhesabika. Akiumia, nimesema. Akipata ugonjwa hapana. Kisha wakaona haijakaa sawa, wakachomeka vighairi: mshtuko wa moyo, moyo kusimama, na kiharusi, vikitokea pale pale mafunzoni. Kwa hiyo ukivunjika mguu Jumamosi unahesabika, ukipatwa na kiharusi unahesabika, ukitoka na homa ya mapafu huna chako. Ila kama ni yale mafunzo marefu ya mfululizo, ya kila mwaka, hapo hata ugonjwa unakubalika.

Halafu kulikuwa na watu waliokaa akiba miaka 20 na zaidi, wanalipwa pensheni yao ya akiba, na bado kisheria hawaitwi veterani kwa sababu hawakuwahi kuitwa kwenye utumishi hai. Walilalamika sana. Mwaka 2016 Bunge likawapitishia sheria ya kuwaheshimu kwa jina hilo. Mstari unaofuata ukasema jina hilo haliwapi fao lolote. Yaani shati bila mifuko.

Faili Namba Tisa

Shati bila mifuko, naiba hiyo.

Sasa tarehe. Pensheni ya Marekani kwa veterani wasio na uwezo inataka uwe umetumikia wakati wa vita. Sheria haisemi uwe umefika vitani. Kwa wa zamani ilitosha siku 90 za utumishi hai, hata moja tu kati yake ikiangukia ndani ya kipindi kilichotangazwa. Karani aliyekaa akipiga chapa maelfu ya kilomita kutoka kwenye risasi anapita.

Vita vya Korea vilisimama Julai 1953, lakini kwa sheria hiyo kipindi cha vita kiliendelea hadi 31 Januari 1955. Aliyeapishwa tarehe 31 Januari ameingia wakati wa vita. Aliyeapishwa kesho yake, wakati wa amani.

Geuza upande wa pili sasa. Kipindi cha Vietnam kilifungwa 7 Mei 1975. Kinachofuata, Vita vya Ghuba, kimeanza 2 Agosti 1990 na mpaka leo hakijafungwa. Katikati, miaka 15, kwa kitabu ni amani. Oktoba 1983 kambi ya Wamarekani Beirut ililipuliwa kwa lori, wakafa askari 241 siku moja. Kwa pensheni hiyo, walionusurika Beirut walitumikia wakati wa amani. Vivyo hivyo walioshuka Grenada mwaka huo huo na Panama mwaka 1989.

Wafaransa walifanya kubwa zaidi: walikataa neno lenyewe. Kuanzia 1954 hadi 1962 walipeleka vijana Aljeria kwa mamia ya maelfu, na kwa lugha ya serikali ile ilikuwa kazi ya kulinda utulivu. Sasa kama hakuna vita, kadi ya mpiganaji, ile inayokutambua kuwa veterani, unaipataje? Ilibidi wangoje sheria ya mwaka 1974 ili wafunguliwe mlango wa kadi, na neno "vita" lenyewe halikuingia kwenye sheria hadi Oktoba 1999. Miaka 37 baada ya kurudi nyumbani ndipo mtu anaambiwa rasmi kwamba kule alikokuwa kulikuwa na vita.

Asiyekubali

Mnalia sana humu. Sheria lazima iwe na mstari mahali fulani, popote utakapouchora kutakuwa na mtu amebaki nje kwa siku moja. Hata umri wa kupiga kura uko hivyo. Na hilo la "ulitokaje" mimi naliunga mkono kabisa. Mtoro, mwizi wa bohari, aliyempiga mkubwa wake, hao wote tuwaite maveterani? Sheria inalinda heshima ya waliotumikia vizuri.

Faili Namba Tisa

Ndugu Asiyekubali, kwenye tarehe nakukubalia. Mstari ni mstari. Kwenye kutoka ndipo tunapoachana, na siyo kwa sababu nawatetea wezi wa bohari.

Marekani mtu anaweza kutoka kwa sifa tano. Kwa heshima. Ya kawaida, chini ya hali ya heshima. Nyingine isiyo ya heshima. Mwenendo mbaya. Na fedheha. Mbili za mwisho zinatolewa na mahakama ya kijeshi, yaani kuna mashtaka, kuna wakili, kuna hukumu. Ile ya tatu haihitaji mahakama. Ni utaratibu wa ofisini, mara nyingi kijana anaambiwa asaini aende nyumbani, la sivyo ashtakiwe. Anasaini. Miaka 20 baadaye anakwenda kutafuta matibabu, na wizara ya maveterani inakaa upya kumpima kama kutoka kwake kulikuwa kwa fedheha au la. Jeshi halikumhukumu, sasa wizara ndiyo inamhukumu, tena kwa faili tu.

Hata anayetoka na ile ya pili, ambayo kwa maneno ina heshima ndani yake, hospitali watamtibu, lakini mafao ya masomo yanataka heshima kamili. Kwa hiyo huyo huyo mtu ni veterani akiwa mgonjwa na si veterani akitaka kusoma.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi. Kulikuwa na karatasi ya bluu, rangi halisi kabisa, hadi mwaka 1947. Haikuwa ya heshima wala ya fedheha, ilikaa katikati, na kamanda aliitoa bila mahakama. Sheria ya mwaka 1944 iliyowapa askari masomo na mikopo ya nyumba ilisema mafao ni kwa walioachishwa katika hali isiyo ya fedheha, kwa hiyo kwa maneno wa bluu walipaswa kupita. Hawakupita. Wakuu wa mafao walizoea kuisoma bluu kama fedheha, hasa kwa waliotuhumiwa kuwa mashoga, na waajiri nao wakaijua rangi. Kati ya Desemba 1941 na Juni 1945 jeshi la nchi kavu lilitoa zaidi ya 48,000. Askari weusi walikuwa kama asilimia 6.5 ya jeshi hilo. Kwenye karatasi za bluu walikuwa asilimia 22.

Hapo mwizi wa bohari yuko wapi, kaka?

Asiyekubali

Sawa, hiyo ya bluu sikuwa naijua. Lakini umechagua mfano mbaya kuliko yote. Nchi zina bodi za rufaa.

Faili Namba Tisa

Zipo, na zinafanya kazi, kwa mwendo wao. Mwaka 1906 Brownsville, Texas, kulipigwa risasi usiku, akafa mtu, wakatuhumiwa askari weusi wa kambi ya jirani. Hakuna aliyesema lolote kwa sababu, kwa kadiri ilivyokuja kuonekana, hawakuwa na la kusema. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza wote 167 bila heshima, bila kesi hata moja. Mwaka 1972 jeshi likafuta uamuzi ule na kuwarudishia heshima. Wengi walirudishiwa wakiwa kaburini. Dorsie Willis alikuwa bado hai, na baadaye akalipwa dola 25,000. Miaka 66 ya kusubiri rufaa.

Mama Nahodha

Wanangu, mmeongea ya kutoka, mimi niwarudishe kwenye kuingia, maana kuna waliofanya kazi ya jeshi wakaambiwa hawakuwa jeshini tangu mwanzo.

Mabaharia wa meli za mizigo za Marekani, Vita vya Pili vya Dunia. Ndio waliobeba mafuta, vifaru, chakula, huku nyambizi zikiwawinda. Walikufa kwa wingi. Vita vilipoisha wakaambiwa ninyi raia. Hadi mwaka 1988, baada ya kesi mahakamani, ndipo wakatambuliwa. Kijana wa miaka 20 mwaka 1943 alikuwa na 65. Masomo ya bure ya nini tena?

Na marubani wanawake, WASP. Walihitimu 1,074. Walizirusha ndege kutoka viwandani hadi kambini, walivuta shabaha angani huku wanafunzi wa mizinga wakizilenga kwa risasi za kweli. 38 walikufa kazini. Aliyekufa, jeshi halikugharamia hata kusafirisha mwili, wenzake walichanga. Kikosi kikavunjwa Desemba 1944. Kutambuliwa kukaja 1977.

Msidhani iliishia hapo. Mwaka 2015 jeshi likaamua kwamba makaburi ya taifa ya Arlington hayawahusu, kwa sababu kutambuliwa kwao kulikuwa kwa mafao ya wizara ile nyingine, na makaburi yako chini ya jeshi. Sheria mbili, neno moja, maana mbili! Mmoja wao, Elaine Harmon, alikuwa amefariki mwaka huo huo na wosia wake ulisema Arlington. Majivu yake yakakaa kabatini kwa ndugu zake. Ikabidi Bunge lipitishe sheria nyingine, 2016, ndipo akazikwa.

Mkia wa Foleni

Mama umenitoa machozi. Kabatini?

Mama Nahodha

Kabatini mwanangu.

Peni na Bunduki

Shikamoo Mama Nahodha. Wakuu mimi nataka upande wa majeshi ya ukombozi, maana humo hakuna daftari la mishahara, hakuna namba ya askari, jina lenyewe mtu alibadilisha. Sheria inampataje?

Afrika Kusini nawapa alama kwa ujasiri. Ile sheria ya 2011 inasema waliotumikia jeshi lolote, la dola na lisilo la dola, pande zote za vita vya ukombozi, 1960 hadi 1994. Pande zote. Wa uMkhonto weSizwe, jeshi la msituni la chama cha ANC, na aliyekuwa akimwinda wanakaa kwenye tafsiri moja, na kijana wa kizungu aliyelazimishwa kuingia jeshi la makaburu naye yumo. Kwenye karatasi ni nzuri mno. Utekelezaji ndio kisirani: wa jeshi la dola ana faili, wa msituni ana mashahidi, na mashahidi wanakufa.

Zimbabwe walianza na tafsiri nyembamba. Kwa sheria ya 1992, veterani ni mtu aliyepata mafunzo ya kijeshi na kushiriki mapambano kwa uthabiti na mfululizo kati ya 1 Januari 1962 na 29 Februari 1980. "Kwa uthabiti na mfululizo", hapo ndipo watu walipokwama. Vijana waliobeba chakula usiku, waliokwenda kupeleleza askari wako wapi, wale hawakupata mafunzo rasmi. Mwaka 1997 walioorodheshwa wakapewa dola 50,000 za Zimbabwe kila mmoja na 2,000 kila mwezi, na sarafu ya nchi ikaporomoka Novemba hiyo. Wasaidizi wakatazama tu. Sheria mpya, 2020, imewaingiza wasaidizi wa vita na wafungwa wa kisiasa.

Hesabu Kali

Na Warusi je? Sheria yao ya maveterani ya 1995 ina kiambatisho, orodha ya nchi na tarehe: Afghanistan, Angola, Ethiopia na kwingine. Jina la ulikotumwa lisipokuwemo, hukwenda. Wakati huo huo sheria hiyo hiyo ina veterani wa kazi, ambaye hajawahi kushika bunduki, na ina waliokaa ndani ya Leningrad iliyozingirwa. Kwa hiyo Kamusi Kuukuu, huko fundi wa kiwandani ni veterani na aliyetumwa kwa siri anaweza asiwe.

Kamusi Kuukuu

Nimenyoosha mikono. Veterani ibaki.

Peni na Bunduki

Ila msisahau Wafilipino. Julai 1941 Rais Roosevelt, huyu ni Franklin, aliliita jeshi la Ufilipino litumikie chini ya Marekani. Walipigana zaidi ya 200,000, kisiwa kwa kisiwa. Februari 1946, vita vimeisha, sheria ikapita ikisema utumishi wao usihesabiwe kuwa utumishi hai wa kijeshi kwa ajili ya mafao mengi. Haikusema hawakupigana. Ilisema usihesabiwe. Mwaka 2009 ndipo yakatolewa malipo ya mkupuo: dola 15,000 kwa aliyekuwa raia wa Marekani, 9,000 kwa asiye raia.

Ufaransa nayo iligandisha pensheni za askari wake wa makoloni tangu sheria ya Desemba 1959. Nchi yako ikijitawala, pensheni yako inasimama pale pale huku ya mwenzako Mfaransa wa handaki moja inapanda. Mwaka 2010 Baraza la Katiba likasema kubagua kwa uraia namna ile kunavunja katiba. Miaka 50 baadaye.

Asiyekubali

Mkuu Faili, swali la mwisho kutoka kwangu na si la ubishi. Kwa mifano yote hii, mtu wa kawaida ajilinde vipi?

Faili Namba Tisa

Asitoke kambini bila kusoma karatasi aliyopewa. Kusoma, siyo kukunja. Angalia sababu ya kuachishwa, angalia sifa, angalia tarehe ya kuingia na ya kutoka. Piga nakala, weka sehemu mbili, na usiiamini serikali ikutunzie peke yake. Tarehe 12 Julai 1973 jengo la kumbukumbu za wanajeshi St. Louis lilishika moto, yakaungua mafaili kati ya milioni 16 na 18. Kwa jeshi la nchi kavu, asilimia 80 ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960 walipoteza mafaili yao. Watu wazima walianza kutafuta picha, barua za mapenzi, risiti, chochote chenye tarehe na jina la kambi.

Goti la Kushoto

Wakuu, nilipotea kidogo. Baada ya kusoma haya nimekwenda kwenye sanduku la marehemu mama. Karatasi ipo. Imeandikwa "ameondolewa kwa sababu za kiafya". Chini yake kuna sehemu: "jeraha au ugonjwa umetokana na kazi: ndiyo / hapana". Haijajazwa. Hawakuweka alama popote, pako peupe, na nilisaini chini yake.

Faili Namba Tisa

Duh. Ndugu yangu, ulikuwa na miaka 19.

Sheria ya Marekani kwenye nafasi kama hiyo inaanza upande wa askari: jeraha lililotokea ukiwa kwenye utumishi hai linachukuliwa limetokana na kazi, mpaka ithibitike ulijitakia kwa makusudi au kwa ulevi wa pombe au dawa za kulevya. Nchi nyingine mzigo wa kuthibitisha ni wako. Ya kwako sijui ipi.

Fanya hivi. Mlikuwa wangapi kwenye ukuta ule? Tafuta hata wawili, waandike walichokiona na waape mbele ya wakili. Halafu kule hospitalini ulikaa wiki tatu. Hospitali huwa na daftari lake la wagonjwa, mbali na faili lako la jeshi, na yule aliyekupokea siku hiyo lazima aliandika umeletwa kutoka wapi. Omba nakala ya ukurasa huo.

Goti la Kushoto

Aliyenibeba naye anaishi. Nampigia kesho asubuhi.